Ndege Ile au Ndege Yule? Mwongozo Kamili wa Kuutambua Mwanga Uendao Kasi Juu ya Arusha na Moshi

Umeme unapokatika Sakina au Njiro, mitaa ya Arusha, watu hutoka nje, na wakishatoka nje huinua macho juu. Mara nyingi ni katika usiku wa namna hiyo ndipo yanapozaliwa masimulizi ya ndege ya ajabu iliyopita juu ya Mlima Meru bila sauti, kwa mwendo usiowezwa na ndege ya kawaida. Nimeyasikia masimulizi hayo kwa majirani, kwa madereva wa Noah za Usa River, kwa wapagazi walioshuka Kilimanjaro, na mimi mwenyewe nimewahi kuwa msimuliaji. Siandiki ili kumcheka yeyote. Naandika kwa sababu karibu kila anayeniuliza huanza na swali moja, "Ile ndege ilikuwa inakwenda kasi gani?", na swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu aliyesimama mahali pamoja akitazama nukta ya mwanga gizani. Yapo maswali mengine madogo ambayo yanajibika, na majibu yake yakikusanywa kwa uangalifu hutosha kukitaja kitu kilichopita, tena aghalabu usiku uleule.

Jicho hupima pembe, halipimi umbali

Kabla ya hatua zenyewe kuna jambo moja la kuelewa, kwa kuwa hatua zote zinasimama juu yake. Ukitazama mwanga unaopita usiku, jicho halikuambii uko umbali gani, maana hakuna nyumba wala mti wa kuulinganisha nao. Linakuambia tu kwamba umetoka hapa ukafika pale katika muda fulani. Hiyo ni pembe na muda, na viwili hivyo havizai mwendo mpaka umbali ujulikane.

Chukua mfano wa mwanga uliokata nyuzi 20 za anga kwa sekunde 2, yaani nyuzi 10 kila sekunde. Ili kupata mwendo wake, gawanya nyuzi za kila sekunde kwa 57, kisha zidisha kwa umbali. Ikiwa mwanga huo ulikuwa mita 50 tu kutoka ulipo, mwendo wake ni chini kidogo ya mita 9 kwa sekunde, sawa na kilomita 32 hivi kwa saa, ambao ni mwendo wa popo au wa ndege anayerudi mtini kulala. Ikiwa ulikuwa umbali wa kilomita 10, kimo cha ndege za abiria, mwendo unafika zaidi ya kilomita 6,300 kwa saa. Na ikiwa ulikuwa umbali wa kilomita 100, unapata kama kilomita 17.5 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kabisa wa kimondo. Jicho lilikuwa lilelile katika hesabu zote tatu. Kilichobadilika ni umbali tuliouweka sisi wenyewe.

Kinyume chake nacho ni kweli. Ndege ya abiria ikipita juu ya utosi katika kimo cha kilomita 11 hukata takriban nyuzi 1.3 kila sekunde, ilhali Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho kiko kilomita 400 na ushei juu na huenda zaidi ya kilomita 27,000 kwa saa, hukata kama nyuzi 1 tu. Chombo chenye mwendo mara thelathini ya ndege huonekana kikienda polepole kuliko ndege. Kwa hiyo neno "kasi" liwekwe kando kwanza, tutalirudia mwishoni likiwa na kitu cha kusimamia.

Hatua ya kwanza: pima anga kwa mkono wako

Nyoosha mkono mbele mpaka kiwiko kikaze, funga ngumi, fumba jicho moja. Upana wa ngumi hiyo angani ni kama nyuzi 10, na upana wa kidole cha mwisho ni kama nyuzi 1, ambao ni mara mbili ya upana wa mwezi mpevu. Mikono ya watu haifanani, hivyo kipimo hiki kinahitaji kukaguliwa, na hapa wakazi wa mikoa hii miwili wana neema ambayo mtu wa Dodoma hana. Kutoka Moshi mjini, kilele cha Kibo kiko umbali wa kilomita 30 hivi, na kwa kuwa kimepanda takriban mita 5,000 juu ya usawa wa mji, huinuka kama nyuzi 9 kutoka upeo wa macho. Kutoka katikati ya Arusha, kilele cha Meru kiko karibu zaidi, hivyo ingawa mlima wenyewe ni mfupi, huinuka kama nyuzi 12.

Toka asubuhi mlima ukiwa umefunguka, simama mahali ambapo majengo hayakuzuii kuona usawa wa ardhi, kisha weka ngumi yako mbele ya mlima. Kwa mtu wa Moshi ngumi inapaswa kuifunika Kibo yote kutoka chini hadi kwenye barafu na kubakiza nafasi ndogo. Kwa mtu wa Arusha kilele cha Meru kichungulie kidogo juu ya ngumi. Ikiwa ngumi yako ni ndogo au kubwa kuliko hapo, iandike tofauti hiyo daftarini, maana usiku mlima hautaonekana na utabaki na mkono peke yake.

Muda nao unahitaji mazoezi. Mshangao hurefusha sekunde, na kimondo kilichodumu sekunde moja husimuliwa kuwa kilidumu tano. Fanya mazoezi ya kuhesabu kwa sauti ukiwa unatazama mshale wa saa ya ukutani, mpaka hesabu yako na mshale viende pamoja hata ukifumba macho.

Hatua ya pili: andika kabla hujasimulia

Masimulizi yakishatoka mdomoni hubadilika, na yakisharudiwa mara tatu yanakuwa ya watu wote waliokuwapo, hata ya yule aliyekuwa ndani akichaji simu. Andika kwanza, kila mtu kivyake, bila kuulizana. Andika saa, mahali uliposimama, upande mwanga ulikotokea na ulikopotelea, kimo chake cha juu kabisa kwa ngumi, sekunde ulizoonekana, rangi, kama ulikuwa thabiti au wa kumetameta, kama ulikata kona, kama palikuwa na sauti na sauti hiyo ilifika baada ya muda gani. Ongeza hali ya mawingu. Usiandike neno "ndege" wala "chombo" katika ukurasa huo. Andika "mwanga", kwa kuwa ndicho ulichokiona.

Kuhusu saa, tunao mtego wetu wenyewe. Simu inaonyesha 20:14, sisi tunasema saa 2 na dakika 14 usiku, na mwenzako atakayenakili atakuja kuandika 2:14, ambayo programu za anga zitaisoma kuwa saa 8 na ushei za usiku wa manane. Nimepoteza jioni nzima nikitafuta setilaiti ya saa 8 usiku ambayo ilikuwa imepita saa 2. Katika daftari tumia tarakimu za simu kama zilivyo, na kumbuka kwamba orodha nyingi za mipito ya setilaiti hutolewa kwa saa za dunia zinazohesabiwa kutoka Greenwich, ambazo ziko saa 3 nyuma ya zetu. Ikiwa ni baada ya saa 6 usiku, andika tarehe mbili, kama tunavyosema, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, ili pasiwe na ubishi.

Pande za dunia hazina taabu hapa: kutoka Moshi Kibo iko kaskazini, na kutoka Arusha mjini Meru iko kaskazini ikielekea kidogo mashariki. Dira ya simu ni ya kutumiwa kwa tahadhari, hasa ukiwa juu ya paa la bati au karibu na gari.

Hatua ya tatu: itazame saa kwa makini kuliko unavyoutazama mwanga

Hatua hii peke yake huondoa sehemu kubwa ya maajabu. Setilaiti haina taa ya kutuonyesha. Tunaiona kwa sababu jua, ambalo kwetu limeshazama, bado linaipiga huko juu iliko. Karibu na ikweta jua huzama kwa kutumbukia wima, hivyo kivuli cha dunia hupanda upesi. Kwetu machweo huwa kati ya saa 12:20 na 12:55 jioni mwaka mzima, na setilaiti za kimo cha kilomita 400 hadi 550 huendelea kumulikwa juu ya utosi kwa muda wa saa moja na nusu hivi baada ya hapo. Maana yake ni kwamba ukiona nukta nyeupe iliyotulia ikipita juu ya kichwa chako kati ya saa 1 na saa 2 na nusu usiku, dhana ya kwanza iwe setilaiti. Alfajiri hali hugeuka, kuanzia kama saa 11 kasorobo mpaka anga linapokuwa jeupe.

Kivuli hicho ndicho pia kinachoeleza jambo linalowashtua watu kuliko yote, nalo ni mwanga kuzimika katikati ya anga tupu. Haukujificha wala haukuruka kwenda ulimwengu mwingine, umeingia kivulini. Huanza kufifia, wakati mwingine ukiwa na wekundu kidogo kama wa machweo, na ndani ya sekunde chache umekwisha.

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu ndicho king'aacho kuliko setilaiti nyingine zote. Hujitokeza upande wa magharibi, kaskazini-magharibi au kusini-magharibi, huvuka kuelekea mashariki, na mpito mzuri huonekana kwa dakika nne hadi sita. Hakimetimeti na hakina sauti. Huzunguka dunia kila baada ya dakika 92 au 93, hivyo ukikiona saa 1:10 usiku unaweza kukiona tena chini magharibi karibu saa 3 kasorobo, kikiinuka kidogo kisha kuzimika. Kwa mtu wa Arusha yafaa akumbuke kwamba Meru humla nyuzi 12 za kaskazini, hivyo mpito wa chini wa upande huo utatokea nyuma ya mlima kana kwamba mwanga umerushwa kutoka kreta.

Kisha kuna mkufu wa Starlink, yaani setilaiti za intaneti. Tangu Mei 2019, kampuni ya SpaceX iliporusha setilaiti 60 za kwanza kwa mpigo, macho ya watu wa dunia nzima yamezoea, au yamekataa kuzoea, mstari wa nukta zinazofuatana kama shanga kwenye uzi mmoja. Mstari huo huonekana katika siku chache za mwanzo baada ya kurushwa, kabla setilaiti hazijapanda na kutawanyika. Zikishatawanyika bado zina hila moja: katika upande jua lilikozamia, chini karibu na upeo wa macho, kila moja inaweza kuakisi jua kwa sekunde chache na kung'aa sana kisha kufifia, huku nyingine ikiwaka karibu na hapohapo. Mtazamaji huona mianga inayokimbizana. Hata marubani wameripoti mianga hiyo wakidhani ni vyombo vinavyozunguka mbele yao. Kwetu itafute chini magharibi karibu saa 3 usiku, wakati setilaiti za juu ya utosi zimeshazimika zote.

Hatua ya nne: ulidumu muda gani, na uliishaje

Mwanga uliokwisha ndani ya sekunde moja au mbili, ukiacha mchirizi, ni kimondo mpaka ithibitike vinginevyo. Vimondo huingia angani kwa mwendo wa kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde na huwaka katika kimo cha kilomita 80 hadi 120, na hakuna ndege yenye injini inayokaribia mwendo huo. Mafundisho ya Kiislamu huvitaja kama vijinga wanavyotupiwa mashetani wanaotaka kusikiliza siri za mbinguni, na naona lugha hiyo inaeleza vizuri namna vinavyoonekana: vimerushwa, havikuruka vyenyewe. Kimondo hakikati kona. Kinaweza kuwa cha kijani au cha chungwa, kinaweza kupasuka, na kikiwa kikubwa sana sauti ya ngurumo inaweza kufika dakika moja au zaidi baada ya mwanga kuzimika, kwa kuwa sauti hutumia kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Mwenye kutilia shaka uzito wa mambo haya na aende Mbozi, mkoani Songwe, akakione kimondo cha chuma cha tani zaidi ya 12 kilicholala pale.

Zipo siku maalumu za mwaka ambapo vimondo huongezeka. Usiku wa 13 kuamkia 14 Desemba hutoka vile vya kundinyota la Mapacha, vyenye mwendo wa kilomita 35 kwa sekunde, na karibu na tarehe 6 Mei, alfajiri, hutoka vya mabaki ya nyota-mkia ya Halley, ambavyo huenda kilomita 66 kwa sekunde. Vya Mei ni vizuri kwetu kwa sababu ya upande tulipo duniani, isipokuwa masika huwa bado yameufunika mji. Miaka mingi nimeamka nikakutana na wingu.

Mwanga ufananao na kimondo lakini ukachukua nusu dakika au zaidi kuvuka anga, tena ukamegeka vipande vinavyofuatana vyote kwa mstari mmoja, ni chombo cha anga za juu kinachorudi na kuungua. Huu ndio mwanga ambao hata mtu mtulivu atasema ameona ndege kubwa yenye madirisha inayowaka moto. Vipande vingine hufika chini: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, ng'ambo ya mpaka wetu na Kenya, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaitaja kuwa kipande cha roketi. Ukikutana na chuma cha namna hiyo shambani, usikiguse wala usiwaruhusu watoto wakisogelee. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi.

Hatua ya tano: ziondoe ndege za KIA

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa mwaka 1971, uko katikati ya miji yetu, na njia yake ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600 imelala mashariki-magharibi. Matokeo yake ni kwamba ndege inayojipanga kutua kutoka magharibi hupita upande wa Arusha, na ile inayopaa kuelekea mashariki hunyoosha pua upande wa Moshi. Taa za kutua zikielekezwa moja kwa moja kwako huonekana kama nyota kali iliyosimama tuli kwa dakika kadhaa, bila rangi wala kumetameta. Ndege ikigeuka, "nyota" hiyo huteleza ghafla pembeni na kufifia. Watu huapa kwamba kitu kilikuwa kimesimama kisha kikaondoka kama risasi. Hakikusimama wala hakikuondoka hivyo, kilikuwa kinawajia kisha kikageuka.

Ndege ikionekana ubavuni huwa na taa nyekundu kwenye bawa la kushoto, kijani kwenye bawa la kulia na nyeupe mkiani, pamoja na taa za kumetameta. Ukiona nyekundu peke yake, uko upande wake wa kushoto. Darubini ya mkono, hata ile ndogo wanayotumia waongoza watalii, hufichua rangi hizo mara moja, nami naiona kuwa chombo chenye faida kuliko kamera yoyote katika kazi hii.

Kuhusu ukimya, sauti ya ndege iliyo kilomita 11 juu huchukua zaidi ya nusu dakika kukufikia, na katika muda huo ndege imeshasogea kilomita 8 hivi. Ukisikiliza mahali mwanga ulipo hutasikia kitu. Sauti iko nyuma yake. Bodaboda mbili na jenereta la jirani zinatosha kuimeza kabisa. Programu kama Flightradar24 zitakuonyesha ndege nyingi zinazopita, lakini kutoonekana kwa ndege humo si ushahidi wa siri, kwa sababu si kila ndege hutangaza mahali ilipo na si kila tangazo hupokewa.

Hatua ya sita: chunguza vilivyo karibu

Kiswahili kimempa jina moja kiumbe mwenye manyoya na chombo chenye injini, kikatuachia upatanisho wa sarufi peke yake wa kuvitofautisha: ndege yule, ndege ile. Usiku jicho halina hata sarufi hiyo. Nikiwa Sakina, karibu na barabara ya Nairobi, niliwahi kuona vitu vitatu vyeupe katika umbo la mshale vikikata nyuzi 60 kwa sekunde 5 bila sauti yoyote, vikabadilisha mpangilio hewani kwa pamoja, vikapotelea gizani. Niliamini kwa siku nzima kwamba nimeona kitu. Jioni ya pili, saa ileile, vilirudi vikiwa vitano, na kimojawapo kikalia. Walikuwa yangeyange wakirudi kulala, matumbo yao meupe yakimulikwa kutoka chini na taa za barabarani. Hesabu inakubali: nyuzi 12 kwa sekunde katika umbali wa mita 50 ni kama kilomita 38 kwa saa. Popo na bundi hufanya vivyo hivyo, na popo hukata kona ambazo hakuna rubani atakayezijaribu. Kanuni yangu ni kwamba mwanga hafifu usio na nukta kali, wenye kupita juu ya eneo lenye taa, uhesabiwe kuwa wa ndege yule kabla haujahesabiwa kuwa wa ndege ile.

Droni husimama hewani, hupanda wima, na taa zake huweza kuwa za rangi yoyote. Ikiwa kimya imetawala utasikia mlio wake kama wa nyuki walio mbali. Taa za kumbi zinazopiga mawingu huonekana kama duara linalozunguka na hurudia njia ileile.

Kwa watu wa Moshi kuna lingine. Wapandaji wa Kilimanjaro huanza safari ya kilele karibu saa 6 usiku wakiwa na taa vichwani, kutoka kambi kama Barafu na Kibo ambazo ziko juu ya mita 4,600. Mlima wenyewe hauonekani gizani, kwa hiyo mgeni huona mianga midogo mahali ambapo anaamini ni angani. Pima kimo kwa ngumi: kikiwa chini ya nyuzi 9 upande wa kaskazini, kinachoning'inia pale kimesimama juu ya mawe.

Na nyota? Zuhura ikiwa chini magharibi, mawingu yakipita mbele yake, huonekana kukimbia. Panga macho yako na ukingo wa paa kwa dakika tano. Kitu kisichosogea zaidi ya nyuzi 1 au 2 katika muda huo ni nyota au sayari.

Hatua ya saba: mpigie simu mtu wa mji wa pili

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayofanywa na wachache. Arusha na Moshi ziko umbali wa kilomita 70 na kidogo kwa mstari ulionyooka, na umbali huo ni rula kubwa iliyolazwa chini ya anga bila gharama. Tuseme mwanga uko juu ya KIA. Ikiwa ni ndege iliyo kilomita 11 juu, mtu wa Arusha ataiona mashariki, chini, kama nyuzi 14, na mtu wa Moshi ataiona magharibi kama nyuzi 20. Ikiwa ni kimondo kilicho kilomita 100 juu, kila mmoja atakiona juu sana, karibu nyuzi 70, lakini bado katika pande zinazopingana. Ikiwa ni Kituo cha Anga, wote wawili watakiona karibu juu ya utosi na kila mmoja ataapa kimepita juu ya nyumba yake. Na ikiwa ni yangeyange, wa mji wa pili hataona kitu chochote.

Kubaliana na ndugu au rafiki kabla ya usiku wenyewe. Wekeni simu zenu kwenye saa ya mtandao, muwe kwenye mazungumzo muda wote, na kila mmoja aandike nyuzi na upande bila kumtajia mwenzake mpaka mmalize. Chora mstari wa miji miwili kwenye karatasi ya miraba, chora pembe mbili, na mistari itakapokutana ndipo kitu kilipokuwa. Hapo umbali umejulikana, na sasa, kwa mara ya kwanza, neno "kasi" lina maana: gawanya nyuzi za kila sekunde kwa 57, zidisha kwa umbali.

Chagueni usiku wa Januari au Februari, au wa Septemba na Oktoba, kwa kuwa Juni na Julai wingu la baridi hukaa juu ya miji hii siku nyingi. Msiende porini gizani, msikaribie uzio wa uwanja wa ndege wala kambi za jeshi na kamera, na msielekeze mwanga wa leza angani, maana unaweza kumpofusha rubani anayetua.

Kuhusu picha nitasema machache. Simu iegemezwe kwenye jiwe, isishikwe mkononi. Taa kali ya mtaani huzaa nukta ya uongo ndani ya lenzi, ambayo husogea simu inaposogea, na wadudu wapitao karibu na lenzi hutokea kama fimbo za mwanga. Video uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp isiyo na tarehe, saa wala mahali haina la kukuambia.

Hatua ya nane: ndipo uiulize ndege ya siri

Dhana ya ndege ya siri si upuuzi, na historia yake inastahili heshima. Ndege ya upelelezi ya Marekani iitwayo U-2 ilianza kuruka mwaka 1955 katika kimo cha zaidi ya mita 18,000, wakati ndege za abiria zilikuwa chini sana, na jioni mbawa zake zilimulikwa na jua ambalo kwa marubani wa chini lilikuwa limeshazama. Taarifa za vitu visivyojulikana zikamiminika. Mwanahistoria wa shirika mojawapo la ujasusi la nchi hiyo aliandika mwaka 1997 kwamba zaidi ya nusu ya taarifa za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege hizo za upelelezi. Mtu aliyesema "nimeona kitu king'aacho juu kuliko ndege yoyote" alikuwa amesema kweli tupu. Baadaye ikaja SR-71, ambayo tarehe 28 Julai 1976 iliweka rekodi ya kilomita 3,529 kwa saa, na kisha uvumi wa ndege iitwayo Aurora, uliotokana na neno moja lililoonekana katika hati za bajeti mwaka 1985 na ambao haujawahi kuthibitishwa.

Katika uvumi huo kuna jambo la kutufaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyombo vya kupimia matetemeko ya ardhi huko California vilinasa mishindo ya kitu kilichopita hewani kwa mwendo uzidio wa sauti. Chochote kilichokuwa, kiliacha mshindo ardhini, kwa sababu ndege ipitayo mwendo wa sauti huburuta mshindo chini ya njia yake yote. Basi mwanga wako ukitoka na kilomita 6,300 kwa saa katika kimo cha kilomita 10, waulize watu wa Usa River, Boma Ng'ombe na Mirerani kama madirisha yao yalitikisika. Kama hakuna aliyesikia, umbali ulioukadiria si sahihi, rudi hatua ya sita au ya nne. Uliza pia kwa nini chombo kinachojificha kiwashe taa.

Mwanga uliopita hatua zote nane na bado hauna jina uandikwe hivyo hivyo, bila kupewa jina la kuazima, kisha rudi mahali palepale saa ileile kwa jioni tatu zinazofuata, maana Zuhura, yangeyange na ndege za ratiba hurudi. Katika daftari langu kuna kurasa mbili za namna hiyo. Mmoja ni wa mwanga wa rangi ya chungwa uliosimama upande wa Mirerani kwa dakika saba, saa 5 usiku, ambao mwenzangu wa Moshi aliuona kusini-magharibi katika kimo cha nyuzi 3. Mistari yetu haikukutana vizuri kwenye karatasi, nami nadhani mmoja wetu alikosea upande. Chini ya ukurasa nimeacha mistari sita mitupu.